Meno ya utotoni: vya kununua na vya kuacha kwenye maduka ya Mtwara, na kiti cha tabibu wa meno

Ukiomba kitu cha meno ya mtoto kwenye famasi ya Mtwara mjini, aghalabu unapewa kilicho na picha: twiga, mwanasesere, tunda jekundu. Picha ni ya kumvuta mtoto, na hakuna ubaya. Lakini haisemi lolote juu ya kilichomo ndani. Kinachosema ni mstari mwembamba nyuma ya boksi, na wanunuzi wachache huugeuza boksi wakausoma. Tathmini hii imeanzia kwenye mstari huo. Tumepitia aina za bidhaa, hatukupitia chapa moja moja, kwa sababu chapa huja na kutoweka madukani, na chapa hiyohiyo huweza kutoa dawa tatu zenye nguvu tofauti. Mwishoni tumeipima pia huduma ya kuziba jino, ambayo wazazi wengi wa kusini hawaiulizi kabisa.

Kabla ya kutoa hela, ni vizuri kujua thamani ya kinachotunzwa. Mtoto ana meno ya utotoni 20: manane ya mbele, chonge nne na magego manane. La kwanza kwa kawaida hutokeza kati ya miezi 6 na 10, na magego ya mwisho kati ya miezi 23 na 33. Ya mbele huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka 6 au 7. Hayo ndiyo kila mtu anayaona, kisha anasema yote ni ya kupita. Gego la pili la utotoni hung'oka mtoto akiwa na miaka 10 hadi 12. Kwa hiyo gego lililotoboka akiwa na miaka mitatu bado lina kazi ya miaka saba au zaidi: kutafuna, na kumshikia nafasi mwenzake anayejengwa chini ya mizizi yake. Likiondoka mapema, gego la ukubwani linaloota nyuma yake husogea mbele na kukalia ile nafasi. Jino lililotarajiwa hapo huota pembeni au hukwama ndani ya taya.

Kuna na haraka yake. Gamba gumu la jino la utotoni ni jembamba, karibu nusu ya lile la jino la ukubwani, na mshipa ulio ndani yake umekaa karibu na uso wa jino. Tundu linalochukua miaka kwa mtu mzima, kwa mtoto huufikia mshipa ndani ya miezi. Usaha ukikaa kwenye mizizi unaweza kuligusa jino changa lililo chini, nalo likaja kutoka na doa la kahawia au gamba lenye vishimo.

Dawa ya meno

Hapa ndipo hela inafanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote, na ndipo inapopotea pia. Wateja wengi husema "kolgeti" wakimaanisha dawa yoyote ya mswaki, na muuzaji naye hutoa iliyo karibu. Dawa hazilingani. Kinacholinda jino ni floraidi. Bakteria wa mdomoni wakila sukari hutoa asidi, asidi inanyonya madini kwenye gamba la jino, na floraidi husaidia madini hayo kurudi na kushika kwa nguvu zaidi. Dawa isiyo na floraidi, au yenye kidogo mno, inatoa povu na harufu nzuri tu.

Geuza boksi utafute maneno Sodium Fluoride au Sodium Monofluorophosphate, kisha namba yenye herufi ppm, yaani sehemu kwa milioni. Tunapendekeza iwe kati ya 1,000 na 1,500, tangu jino la kwanza linapotokeza. Dawa za watoto zenye 500 au 250 tunaziacha, kwa kuwa ushahidi wa kuzuia matundu kwa kiwango hicho ni hafifu. Zile zilizoandikwa kwamba hazina floraidi na ni salama kumezwa nazo tunaziacha, ingawa mara nyingi ndizo zenye boksi zuri na bei ya juu. Mzazi anadhani amenunua bora zaidi, kumbe amenunua iliyoondolewa kile kinachofanya kazi. Boksi lisiloonyesha namba yoyote ya floraidi lirudishe kaunta.

Habari njema kwa mfuko ni kwamba dawa ya familia yenye 1,450 inamfaa mtoto pia, mradi kipimo kishikwe. Mtoto wa chini ya miaka mitatu awekewe kiasi cha chembe moja ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita awekewe kiasi cha punje ya mbaazi mbichi. Chembe ya mchele ni takriban gramu 0.1. Kwa mara mbili kwa siku ni gramu 0.2, hivyo tyubu ya gramu 50 inamtosha mtoto mmoja siku 250, miezi minane na zaidi. Punje ya mbaazi ni kama gramu 0.25, na tyubu ileile inakwenda siku 100. Anayetandaza dawa kuanzia ncha ya mswaki mpaka mwisho, kama inavyoonyeshwa kwenye matangazo, anatumia karibu gramu moja kila mara: tyubu inakwisha ndani ya siku 25, na mtoto asiyejua kutema anameza sehemu kubwa. Kwa hiyo usilinganishe bei ya tyubu kwa tyubu. Linganisha kwa idadi ya siku.

Sasa kuhusu kumeza, maana hofu hii ndiyo inayouza zile dawa zisizo na floraidi. Dawa yenye 1,000 ppm ina miligramu 1 ya floraidi katika kila gramu. Mtoto wa kilo 10 akimeza chembe yote ya mchele amepata miligramu 0.1, ambayo haimdhuru. Mtoto huyohuyo akiachiwa tyubu nzima ya gramu 50 yenye ladha ya pipi akaimaliza, amepata miligramu 50, yaani 5 kwa kila kilo ya mwili wake. Hapo ni mpe maziwa na mkimbize hospitali bila kungoja dalili. Hivyo tyubu ikae juu, asipofika, na mzazi ndiye aibane. Ladha tamu sana tunaihesabu kuwa kasoro, kwani inamfundisha mtoto kuitafuta. Ama meno ya kahawia yanayoonekana kwa wenyeji wengi wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, hayo chanzo chake ni floraidi nyingi ndani ya maji yanayonywewa kila siku tangu utotoni. Usiyalinganishe na chembe ya mchele.

Jambo moja la joto letu. Dawa nyingi za bei nafuu hutumia chokaa kama kisugulio, na chokaa huendana na ile floraidi ya pili tuliyoitaja, monofluorophosphate. Dawa hiyo ikikaa muda mrefu, na hasa mahali pa joto, sehemu ya floraidi hushikana na chokaa na kuacha kufanya kazi. Tyubu iliyokaa dirishani ikipigwa na jua la Mtwara miezi kadhaa haina nguvu iliyoandikwa juu yake. Omba ya ndani ya boksi, angalia alama ya TBS, shirika la viwango, na chagua ambayo tarehe yake ya mwisho iko mbali. Tarehe ya boksi na ile iliyogongwa kwenye mkunjo wa tyubu zikitofautiana, usiinunue.

Dawa za kung'arisha meno hazimfai mtoto, na dawa za kusukutua asipewe kabla ya miaka sita. Mkaa na chumvi, ambavyo nyumba nyingi huvitumia dawa ikiisha, huparua gamba ambalo tayari ni jembamba. Dawa ikiisha, mswaki na maji vinatosha mpaka kesho.

Mswaki

Mswaki tunaoupendekeza hauna mapambo: kichwa kifupi, nywele laini, mpini mnene. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kichwa kisizidi sentimita moja na nusu hivi. Mpini uwe mrefu, kwa sababu mkono unaofanya kazi ni wako. Mtoto hana ustadi wa kusafisha magego mwenyewe mpaka afikishe miaka saba au minane. Mwache aushike na acheze nao, kisha umalizie wewe.

Neno "laini" kwenye pakiti halitoshi. Pitisha nywele nyuma ya kiganja chako: zikikwaruza, ufizi wa mtoto utatoka damu naye atakataa mswaki wiki nzima. Miswaki inayouzwa kwa mafungu kwenye magulio ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Uiinue kwenye mwanga. Nywele zilizokatwa mkato wa bapa zina ncha kali, na zile zilizokamilishwa vizuri zina ncha ya mviringo. Nywele zikishalala pembeni mswaki umekwisha, hata kama miezi mitatu haijatimia. Vifuniko vya plastiki tunavikataa kwa mswaki mbichi, kwa sababu unyevu wa pwani unaotesha ukungu ndani yake. Usimamishe kwenye kikombe, mahali pa hewa, mbali na choo, na kila mtoto awe na wake.

Mswaki wa kidole, ule wa mpira laini, unafaa kwa meno mawili au manne ya kwanza tu. Magego yakitokeza, kati ya miezi 13 na 19, mpira hauingii kwenye mifereji yake, na mtoto ameshajua kung'ata. Kitambaa safi chenye maji kinafanya kazi hiyohiyo bila gharama. Mswaki wa mti, uwe msuaki au mwarobaini, umewasafisha wazee wengi wa pwani, na mtu mzima anayejua kuutafuna na kuufumua ataendelea nao vyema. Kwa mtoto hatuupendekezi. Nyuzi zake huchoma ufizi, hauyafikii magego ya nyuma, na bado utahitaji floraidi.

Namna ya kupiga ndiyo inayoamua kama hela ya mswaki imelipa. Mlaze mtoto chali, kichwa mapajani mwako, mahali penye mwanga. Kidole cha mkono mmoja kiinue mdomo wa juu. Ndipo palipo na kazi, pale jino linapokutana na ufizi, na ndipo wengi hawafiki. Duru ndogondogo, jino kwa jino, ndani na nje, kisha uso wa kutafunia. Anza na magego ya nyuma wakati bado ametulia. Dakika mbili zinatosha, asubuhi na usiku, na ukilazimika kuchagua, wa usiku ndio usiokosekana, kwa kuwa mate hupungua usingizini na jino hubaki bila mlinzi. Akimaliza ateme au umfute, na asisukutue kwa maji mengi. Maji yanaiondoa floraidi ambayo umeilipia.

Ukiwa umeinua mdomo hivyo, angalia. Mstari mweupe kama chaki kwenye meno ya mbele ya juu, sambamba na ufizi, ndio mwanzo wa kutoboka. Katika hatua hiyo jino bado linaweza kurudisha madini yake kwa floraidi na kupunguza sukari. Ukigeuka kahawia na kulainika, mswaki peke yake hautoshi tena.

Chupa ya kunyonyea

Kwa maziwa aliyoelekezwa na kliniki, chupa ni chombo halali. Kwa uji wa sukari, chai na juisi, tunaihesabu kuwa kifaa cha kutoboa meno. Mtoto akilala nayo, kinywaji hutuama kuzunguka meno ya juu ya mbele. Ya chini hukingwa na ulimi, na ndiyo maana unaona watoto wenye meno ya juu yaliyobaki visiki vyeusi huku ya chini ni mazima. Kutoboa tundu la chuchu ili uji upite ni kosa juu ya kosa. Kuanzia miezi sita mtoto anaweza kufundishwa kikombe, na chupa iagwe kati ya miezi 12 na 18.

Ziwa la mama halina hatia hapa. Mtoto anyonye mpaka miaka miwili na zaidi, ila meno yakishaota yasafishwe kabla ya kulala. Na uji wa lishe hauhitaji sukari. Korosho zilizosagwa laini, ambazo mikoa yetu inazo kuliko kwingine kote nchini, au ndizi mbivu iliyopondwa, hutoa ladha ya kutosha. Korosho nzima asipewe mtoto mdogo, zinaweza kumpalia. Kinachoumiza jino zaidi ni idadi ya mara, kuliko kiasi: pakiti ya ubuyu inayofyonzwa kuanzia saa nne mpaka saa tisa ni mashambulizi ya saa tano mfululizo, wakati juisi ya mabibo iliyonywewa pamoja na chakula cha mchana ni shambulizi moja. Dawa za maji za kikohozi nazo huwa na sukari. Zitolewe kabla ya mswaki wa usiku, kamwe zisiwe baada yake.

Jeli za ufizi na tiba za kuotesha meno

Jeli za kutia ganzi kwenye ufizi zinaulizwa sana, na jibu letu ni usinunue. Soma kama imeandikwa benzocaine. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba zisitumike kwa watoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na mtoto akabadilika rangi midomoni na kucha. Faida yenyewe ni ya dakika chache, maana mate huiosha. Zenye lidocaine nazo ziache. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi, au kidole kilichonawiwa kikikanda ufizi, kinampa mtoto nafuu ileile. Ushanga au kamba ya shingoni ya kung'ata ni hatari ya kumkaba akiwa amelala.

La muhimu zaidi kuliko jeli yoyote: kuota meno hakuleti homa kali wala kuharisha. Jino la kwanza hutokeza umri uleule ambao kinga aliyoitoa kwa mama inapungua, anaanza kula vyakula vingine, na kila anachookota anakitia mdomoni. Maradhi na meno hukutana njiani, na meno ndiyo yanayosingiziwa. Mtwara na Lindi ni mikoa yenye malaria nyingi. Mtoto mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi apimwe malaria siku hiyohiyo, na anayeharisha apewe maji ya ORS na zinki.

Hapo ndipo inapoingia huduma mbaya kuliko zote tulizozipitia, ile ya kutoa "meno ya plastiki". Mtoto wa miezi michache ana homa au anaharisha, mtu anamfunua mdomo, anaonyesha kivimbe cheupe pale chonge itakapoota, na kukikwangua kwa kisu, wembe au chuma cha baiskeli, bila ganzi. Hakuna meno ya plastiki. Kinachotolewa ni chonge changa ya utotoni, laini na nyeupe kwa sababu bado haijakomaa. Kinachofuata ni damu kwa mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji, pengine pepopunda au maambukizi ya damu, na ugonjwa wenyewe uliompeleka haujaguswa. Baadhi ya wanaopona huota chonge za ukubwani zilizopinda au hawazioti kabisa. Anayekuambia mwanao anayo, mchukue mtoto mwende kituo cha afya.

Na kwa maumivu ya jino lililotoboka, usitie tumbaku, maji ya betri, mafuta makali ya karafuu wala mafuta ya ganda la korosho ndani ya tundu. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi ya mikono ya wabanguaji, na ufizi wa mtoto ni laini kuliko hapo. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, kisha tabibu.

Kiti cha tabibu: kuziba kwa vifaa vya mkono

Njia ya kuziba jino bila mashine, inayojulikana kwa herufi ART, ilianzia hapa nchini, katikati ya miaka ya 1980, kwenye mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikalengwa maeneo yasiyo na umeme. Leo inatumika duniani kote. Mzazi wa Newala au Liwale anastahili kujua kwamba tiba hii ya kigeni kwa sura ni ya kwetu kwa asili, na kwamba ukosefu wa mashine kwenye kituo peke yake si sababu ya kung'oa.

Ikifanywa vizuri huenda hivi. Tabibu huweka pamba kando ya jino ili kuzuia mate, huliosha tundu na kulikausha. Kwa kifaa chenye makali hupanua mdomo wa tundu kidogo, kisha kwa kijiko kidogo cha chuma hukwangua sehemu iliyooza na kulainika. Kwa kuwa anaondoa sehemu iliyokwisha kufa, mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki, na hakuna mlio wa kumtisha mtoto. Hupaka asidi hafifu ya kusafishia kwa sekunde 10 hadi 15, huosha tena na kukausha, huchanganya unga na maji yake ya simenti ya glasi, hujaza, kisha hukandamiza kwa kidole cha glavu kilichopakwa vaselini ili simenti iingie na kwenye mifereji jirani. Husawazisha mng'ato, na mtoto asile kwa saa moja. Simenti hiyo nayo hutoa floraidi kidogo kidogo baada ya kukauka.

Inapofeli, sababu ni chache na zinaonekana. Ya kwanza ni mate: jino likilowa kabla ya simenti kuingia, haishiki, na itatoka ndani ya wiki. Ukiona pamba imelowa chapa na haijabadilishwa, sema. Ya pili ni uozo uliobaki kwenye kuta za tundu, chini ya ukingo. Sakafuni unaweza kuachwa kidogo ili mshipa usiguswe, lakini kuta lazima ziwe ngumu, la sivyo simenti inavuja pembeni. Ya tatu ni mchanganyiko mkavu: simenti inapaswa kung'aa inapowekwa, na ikishafifia imechelewa. Ya nne haimhusu tabibu: tundu lililo kati ya magego mawili hudumu muda mfupi kuliko lile la uso wa kutafunia. Uliza liko wapi, ujue cha kutegemea.

Kuna meno yasiyostahili kuzibwa hivyo. Jino linalomwamsha usiku, lenye kijipu ufizini, linalocheza kabla ya wakati wake, au ambalo mshipa umekwisha kuwa wazi, likizibwa linafungia usaha ndani. Hilo linahitaji tiba ya mshipa au kung'olewa kwa ganzi, na antibayotiki peke yake hailiponyi. Inatuliza uvimbe, kisha unarudi. Gego likilazimika kutoka mapema, uliza kuhusu kifaa cha kushikilia nafasi. Mtoto mwenye uvimbe unaopanda jichoni au kushuka shingoni, mwenye homa na asiyeweza kumeza, ni wa dharura, usiku huohuo.

Pale ilipo, uliza pia dawa ya madini ya fedha na floraidi, inayojulikana kwa herufi SDF. Ni tone linalopakwa juu ya tundu lililokaushwa na kuachwa dakika moja, bila kukwangua, na hurudiwa kila baada ya miezi sita. Inasimamisha uozo. Kasoro yake ni moja na tabibu anapaswa kuisema mapema: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi moja kwa moja. Kwenye gego la nyuma hakuna anayeona. Kwenye jino la mbele, mzazi aamue akijua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na simenti ya glasi, yaani vitu vitatu ambavyo tathmini hii imevipa alama za juu.

Hospitali za rufaa za mikoa ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Kwa anayetoka mbali, afadhali kuuliza kwanza kituoni kwake kama tabibu wa meno yupo na kama simenti ipo, kabla ya kulipa nauli. Huhitaji kungoja maumivu pia. Siku ya chanjo ya surua na rubela, miezi 9 na miezi 18, mtoto yuko kliniki tayari. Omba aangaliwe kinywa. Na mtoto akikaribia miaka sita, chungulia nyuma kabisa ya gego la mwisho. Litakalotokeza pale, bila jino lolote kung'oka, ni gego la ukubwani. Wazazi wengi hulidhani la utotoni na kuliacha litoboke, nalo halina mbadala. Likiwa na mifereji mirefu, simenti ileile inaweza kulifunika kabla halijatoboka. Dirishani useme hivi: "Tabibu, naomba uangalie kama linazibika kabla hatujaongelea kung'oa."